Mtunzi Hajulikani

Juzi, kwenye maktaba moja mjini, nililikuta daftari la babu ndani ya kabati la kioo. Chini pameandikwa: "Nyimbo za kulimia. Mtunzi hajulikani."

Hajulikani! Mimi nilikuwepo, bado mtoto, mchana ule lilipochukuliwa. Lilinuka moshi na samli. Mgeni kutoka maktaba alivaa glovu nyeupe kabla ya kulishika, nami nikadhani daftari linaumwa, linapelekwa hospitali ya Kolandoto kutibiwa. Nikalililia.

"Andika, mwanangu," bibi alimwambia. "Luhende, mwana wa Maganga." Akarudia mara tatu.

"Nimeshika, mama, halitoki kichwani," alijibu huku akitafuna michembe yetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, kalamu imekaa tu mfukoni.

Nikamwona ana akili za ajabu. Kumbe ilikuwa dharau!

Nilipolalamika juzi pale maktabani, dada wa mapokezi alitaka ushahidi wa maandishi.

"Soma ukurasa wa kwanza," nikamwambia. "Watunzi wetu hujitaja jina kabla ya kuimba."

Akashusha sauti. "Ni Kisukuma, dada. Hakuna aliyewahi kulisoma."

Mimi sikushusha yangu. Nilimwimbia ule mstari wa kwanza, jina la babu na la baba yake, mpaka wasomaji wote wakageuka.