Jiwe la Mlango wa Jikoni

Watu wa makumbusho walipokuja kanisani kwetu Kitengela na sanduku lao la mawe, mimi na jirani yangu tulikaa benchi moja. Walitueleza kwamba Kajiado hii ilikaliwa na watu tangu kale na kale, kisha wakainua shoka la jiwe, limechongwa pande zote mbili. Nilishtuka. Jiwe kama hilo lilikuwa likizuia mlango wangu wa jikoni tangu tujenge.

"Mkipata kitu kwa shimo, msitoe," walisema. "Funika, halafu mtuite."

Langu lilikuwa limeshatoka. Nikalisugua kwa sabuni hadi likang'aa, nikalifunga kwa leso na kulipeleka kwenye maonyesho yao mjini Kajiado. Jirani, ambaye hakuwa na hata kokoto, alinitakia safari njema.

Afisa, msichana mpole, aliligeuzageuza.

"Mama, hii ni shoka kweli, tena nzuri. Ilitoka wapi?"

"Kwa ploti yangu."

"Wapi kwa ploti? Chini kiasi gani?"

Sikujua. Mafundi walilitupa kwenye rundo la udongo walipokuwa wakichimba msingi, na sasa juu ya msingi pana nyumba.

"Basi hatuwezi jua ni ya wakati gani, ama ilikuwa na nini ingine hapo," alisema, akalirudisha kwenye leso. "Ni kama mtu hatujui kwao."

Nilirudi nalo nimenuna. Haukupita muda, jirani akachimba shimo la choo na kukuta jiwe, dogo kuliko langu, tena limevunjika ncha. Alilifunika kwa karai akapiga simu. Gari la makumbusho likapita geti langu bila hata kupunguza mwendo. Wakapima, wakapiga picha, wakaleta wanafunzi waone shimo. Yeye akawamiminia chai huku akieleza habari za watu wa kale kana kwamba ni wajomba zake. Wivu ulinikaba hadi nikashindwa kula chapati alizoniletea jioni. Mume wangu alizila zote, akasema ni laini.

Jumamosi nilimwita fundi aje atuchimbie choo. Nilikaa ukingoni mwa shimo, karai mapajani.

"Mama, si choo mko nayo?" akauliza.

"Chimba," nikamwambia. "Lakini polepole."