Kahawa ya Bi Mariamu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vita, mwanangu, nikiwa chini ya lori gereji, mtaani kwetu Buyenzi, mikono imejaa grisi, na jirani yangu Bi Mariamu yuko tribinali, kule mahakamani, ananingoja mimi. Sikwenda. Nakuambia mapema usije ukanisifu.

Mjane huyu alinunua nyumba yake kwa desturi yetu. Tulikaa mkekani, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa, basi. Hakuna kilichoandikwa. Sisi mashahidi watatu tuliokunywa kahawa ile ndio tulikuwa karatasi yake. Kisha mapigano yakatutawanya. Aliporudi na watoto wake wanne, alimkuta mpwa wa muuzaji ndani, ana hati yenye mhuri. Shahidi mmoja alikuwa ameshauawa, wa pili alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, hakusikika tena. Nilibaki mimi.

Akafungua kesi. Mara tatu nilimsindikiza. Mara tatu tulishinda kwenye benchi mpaka karani atoke na kusema, "Jaji hayuko. Murudi mwezi ujao." Wakili Bi Mariamu angempata wapi? Mpwa alikuwa na wakili, na viatu vyake vinang'aa. Mara ya nne nikasema moyoni, haki si ya watu wa huku kwetu, acha nitengeneze lori la watu. Siku hiyo ndiyo jaji alikaa kusikiliza.

Adhuhuri Bi Mariamu akaja gereji. Hakupiga kelele.

"Wameniuliza, shahidi wako iko wapi?"

"Mama, mi nilizani watarudisha kesi tena mpaka mwezi ujao."

"Kahawa yangu ulikunywa," akasema, na akaenda zake.

Nyumba akapewa mpwa. Bi Mariamu na watoto wake walilala barazani kwangu wiki mbili, kisha wakaenda kambini, kwa waliokimbia vita. Mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ile naona haya. Hasira pia ninayo, kwa karani, kwa jaji, kwa yule mpwa wa viatu. Walitaka tuchoke, nami nikachoka.

Mwanangu, ukiitwa kumtolea ushahidi asiye na kitu, nenda. Wakirudisha kesi mara kumi, nenda mara kumi, na mkate wako mfukoni. Na ukinunua hata chumba kimoja, andikisha, usitegemee mdomo wa mtu kama mimi.

Mungu akupe miguu ya kurudi kwenye benchi lile. Na siku watakayoliita jina lako wewe pale tribinali, akuonyeshe jirani yako anaingia mlangoni.