Namba Kumi kwa Mguu wa Nane

Siku yake ya kwanza kazini, Umau, yaani babu yangu, aliingia msitu wa Mbooni na mguu wa namba nane ndani ya buti za namba kumi. Mama yake ndiye aliyemnunulia, kama alivyokuwa akimnunulia viatu vya shule: vikubwa, vya kukulia. Nafasi iliyobaki akajaza magazeti.

Amenieleza leo kwa sababu Jumatatu naanza kazi ya kukata miti huko Kikima, na mamangu amefanya vilevile. Buti zangu alizitoa soko la Kwa Vonza. Ni mpya, zina chuma cha kulinda vidole, na visigino vyangu vinaelea ndani. Nilisema asante, nikaziweka chini ya kitanda.

"Nyapara aliniangalia," Umau alisema, "akauliza, 'Kijana, umekuja kukata miti ama kuchota maji na hayo madebe?' Nilikaza kamba, sikusema ni kubwa. Nilikuwa kama wewe."

Walikuwa wakiangusha mkaratusi. Kabla ya kukata, mnasafisha njia ya kukimbilia, ya kurudi nyuma kimshazari, mbali na upande ambao mti utalalia. Mti ukaanza kulia, nyapara akasema tokeni. Umau akatoka. Buti ya kushoto ikanasa kwenye mzizi, ikabaki. Tawi likampata mguu mtupu na kuchukua vidole viwili.

"Buti haikupata hata mkwaruzo," alisema. "Ililinda magazeti."

Baadaye alihamishiwa kiwanda cha mbao Kitui, na huko akapewa kazi ya kugawa buti. Aligawa alasiri tu, miguu ya wafanyakazi ikiwa imevimba kwa kazi ya kutwa, na wakiwa na soksi nzito za kazini. Kila mtu alisimama kwenye mteremko wa rundo la unga wa mbao, kama anayeshuka. Vidole vikigonga mbele, ni ndogo. Kisigino kikipanda, ni kubwa. Soli alizikunja kwa mikono. Ya gundi peke yake, isiyoshonwa pembeni, aliirudisha.

Meneja akachoka. "Mzee, hii ni kazi ama harusi?"

"Ni kazi, bosi. Viatu vya harusi mtu huvaa siku moja."

Sasa amestaafu, anavaa akala, viatu vya tairi, hata kanisani. Alinituma niteremke mteremko wa nyuma ya choo na buti zangu. Visigino vilipanda.

"Mwambie mama yako."

"Ataona sina shukrani."

"Mimi sikumwambia wangu. Alizipaka rangi zile buti kila Jumamosi mpaka akafa, akiamini kosa lilikuwa la tawi tu. Siku hizi sina kazi, hilo ndilo nafikiria. Miti nimesahau."

Nikaenda jikoni.

"Mama, buti ni kubwa."

Aliangalia miguu yangu. "Si utakua?"

"Mama, nina miaka kumi na tisa."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini, kisha akaenda kutafuta boksi la buti. Tunazirudisha kesho alasiri. Soksi nzito nimeshaomba kwa Umau.