Kalsiamu Kwenye Mlango Uliofungwa

Profesa aliyeongoza kazi yangu ya utafiti chuoni Lubumbashi alikuwa bingwa wa mitokondria ambaye sikuwahi kumwona akigusa kompyuta. Ile ya idara ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na ikiwashwa ni kwa kuchapa mialiko ya harusi. Mahesabu yangu niliyafanyia mjini, kwenye duka la intaneti lenye jenereta, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Nilikuwa naunda mfano wa mlango mmoja tu katika utando wa nje wa mitokondria, kile kiwanda cha nguvu ndani ya seli. Mlango ukiwa wazi, vyote hupita. Ukijifunga, molekuli kubwa kama ATP hukwama, lakini ayoni ndogo za kalsiamu huendelea kupenya. Kompyuta ilichora hivyo hivyo: mstari wa ATP ulishuka hadi sifuri, wa kalsiamu ukabaki juu.

Profesa aliutazama mchoro kama mtu aliyeandaliwa bukari, ugali wetu, isiyoiva.

“Mulango ya kufunga iko ya kufunga,” alisema. “Hii ligne ya kalsiamu iko bongo, uongo mutupu. Uitoe, ao hautafanya défense.”

Bila kuitetea kazi hiyo mbele ya jopo, nafasi ya kufundisha niliyoingojea ingeniponyoka. Mstari sikuutoa. Nilimrudishia kazi ileile. Alifungua ukurasa wa shukrani, ndio pekee mtu wa aina yake anaousoma, akakuta nimemwandika “Profesa” bila “Ordinaire”, neno ambalo kwetu ndilo daraja la juu kabisa la uprofesa. Akanituma nikasahihishe cheo chake. Nilisahihisha, naye akasaini bila kufunua ukurasa mwingine.

Siku ya utetezi, mjumbe mmoja wa jopo, mgeni kutoka chuo kingine, aliusifu ule mstari wa kalsiamu. Alisema ndio roho ya kazi yote, ingawa wengi wangeufuta, akauliza wazo la kuubakiza lilikuwa la nani. Nikafungua mdomo.

“Njo miye nilimwambia asiitoe,” profesa alijibu, na jopo zima likaitikia kwa kichwa kwa heshima. Nilimdharau pale pale, na hadi leo namdharau.

Nilifaulu, na nafasi nikaipata. Nje, mama na shangazi zangu walikuwa wakingoja na poda ya kummwagia aliyefaulu, wamevaa kitenge cha sare. Niliinamisha kichwa nimwagiwe. Mama alinipita, akammwagia profesa kwanza.

“Aksanti, ba Prof,” alisema. “Bila ninyi, huyu mutoto hangejua kitu.”