Kafi Mkononi mwa Mgeni

Juzi jirani yangu hapa Mweso alichoma kuni za mtumbwi mkuukuu, na moshi ukaniingilia ndani na harufu ya tope na samaki. Nilifunga dirisha kwa kishindo. Msidhani ni moshi ulioniudhi.

Nilizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha ziwa, huko vilimani Masisi. Tulikuwa na nyumba tatu, maharage, mihogo, na mtumbwi mmoja wa wote. Nyanya alijua wageni wote wa kisiwa tangu zamani: waliokuja na chumvi, Mzungu aliyeshusha kamba akitafuta mwisho wa ziwa mpaka kamba ikamwishia, waliokimbia vita na kuku kwapani. Kila mmoja alikabidhiwa kafi mara tu alipokanyaga nchi kavu, asije akajiona amefungwa na maji. Alikula nalo magotini. Akitaka kuondoka, alivuka bila mwenyeji, kisha ng'ambo alimtafuta mtu wa kuturudishia mtumbwi.

Siku moja walikuja mabwana watatu wa mjini, na kamera shingoni. Walikula samaki wetu, wakasifu hewa yetu. Mdogo wangu Baraka alikuwa ndani, anachemka homa.

“Papa Furaha, wavushe weye mwenyewe,” Mama alimwambia baba yangu. “Mutoto iko mubaya. Tutamufikisha na nini ku hopitali?”

“Kafi ya mugeni hatuikamataka,” Papa alijibu. Akawageukia wale mabwana. “Mukifika kule, mupatie mutu pirogi aturudishie mbio. Tuko na mugonjwa.”

“Hakuna shida, Papa,” alisema yule mnene, akimpigapiga begani.

Walivuka wakicheka. Ng'ambo hapakuwa na mtu, nao hawakumtafuta. Waliuacha mtumbwi topeni, wakapanda gari lao, wakaenda. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu husema. Mwenyeji wetu alikuwa na miaka minne.

Papa alikata migomba, akafunga vigogo kwa kamba ya mbuzi, akalala juu yake na kupiga maji kwa mikono. Aliporudi na mtumbwi jua lilikuwa limeshuka, na Baraka hakuwa akilia tena. Alifia mgongoni mwa Mama, njiani, kabla hatujaiona Mweso.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia Papa na lile kafi lake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa karibu, na wale sikuwajua hata majina. Watu huniambia, labda hawakuelewa Kiswahili chetu, labda walisahau, samehe, Mama. Sisamehi. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika nguo ya Papa. Yule mnene aliuliza, “Mugonjwa ni mutoto?” Papa akajibu ndiyo.

Walisikia.