Taya Ukutani

Spéciose alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto. Inzi akitua kwenye mboga, sahani nzima humwagia kuku. Majirani zake wa mtaa wa Carama walimcheka, lakini mchana walijaa mgahawani kwake kula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani.

Mvua ya masika ilipoangusha ukuta wa jiko, shemeji yake Fortunat alijitolea kuujenga upya. Alileta matofali mabichi, mekundu, mazito. Spéciose akamwombea baraka.

Siku moja, akisonga ugali, donge la ukuta uliolainishwa na mvuke likaanguka karibu na sufuria. Akalipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na kipande cha taya ya mtu, meno yangali yameshikilia. Na pale lilipobanduka, ncha ya mfupa mwingine ilichungulia, ya njano kama ukucha wa mzee.

Alitapika papo hapo, wateja wakimtazama.

Nje kidogo ya Carama, kwenye mashamba, lipo tuta walimozikwa watu wa kale, waliotangulia hata wafalme. Serikali ililizungushia seng'enge. Hata kuchunga mbuzi pale ni marufuku.

Fortunat alipokuja kula, Spéciose akamwuliza, "Ule udongo ulitoa wapi?"

"Kule kwa tuta, shemeji. Ni udongo muzuri, haupasukake. Bale batu balikufa zamani, habana mwenyewe."

"Na mifupa haukuiona?"

Fortunat akacheka, akipangusa mchuzi mdomoni. "Ile mikubwa nilitupa. Ile midogo nilikanyaga tu pamoja na udongo."

Macho ya Spéciose yakashuka kwenye miguu ile, kucha zimejaa uwekundu.

"Toka! Umenipikisha ndani ya kaburi."

"Shemeji, ni udongo tu..."

"Toka, mi nasema!"

Jioni ile aliubomoa ukuta kwa jembe. Kesho yake akakodi mkokoteni, akarudisha vifusi vyote kwenye tuta. Mlinzi, aliyekuwa amejilaza kivulini, akamkaripia asitupe taka pale.

"Hizi si taka," Spéciose akamjibu. "Ni watu. We ulikuwa wapi wakati wanabebwa?"

Mgahawa aliuhamishia mtaa wa Cibitoke, jiko akalijenga kwa mabati. Wateja wakamfuata, si wote. Fortunat huja mara mojamoja kusalimia. Spéciose humwitikia, lakini mkono hampi.