Lori la Madoa ya Kijani

Juzi sokoni Mbale, fundi viatu alitoboa ndara kwa msumari wa moto, nami niliyekuwa nambishia bei nikaisahau. Harufu hiyo ya mpira unaoungua ilikuwa ya magurudumu ya malori yetu ya kuchezea kule Masese, nilikokulia.

Lori langu lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yake soli za ndara. Nililipaka madoa ya kijani na meusi, kama malori ya jeshi. Jirani yetu alikuwa amekamatwa kwa kuvaa kofia ya rangi hizo, lakini sikufikiri kopo nalo linahesabiwa.

Siku moja, karibu na pale Mama alipokuwa akikaanga samaki wa kuuza, mwanajeshi akakanyaga kamba niliyokuwa nikilivutia. "Wewe! Gari ya jeshi umetoa wapi?"

Mama akaacha samaki kwenye karai, akaja akanishika bega.

"Afande, kama ni ya jeshi, basi tuwekee mafuta. Tangu asubuhi mtoto anaivuta kwa mkono."

Mwanajeshi akalitazama kopo, kisha akacheka mpaka bunduki ikamtikisika begani. "Futa hiyo rangi leo," akasema, akaenda zake.

Mama naye alicheka njia nzima. Mlangoni kwetu alikuwa bado anacheka, ila ufunguo uligongagonga kufuli bila kuingia.